Uzi: Dumuzi amejuaje kuwa mahindi yangu yapo hapa? Ananusa, anaitwa, au anabahatisha?

#1 MkulimaKibaigwa
Wakuu, habari za jioni.

Mwaka huu nimejenga ghala jipya shambani. Tofali za kuchoma, sakafu ya saruji, bati jipya. Jirani wa karibu mwenye mahindi yuko kama kilomita tatu. Nimeingiza magunia 22, yote mapya, la mwaka jana sikugusa hata moja. Nusu nilikuwa nimeshapukuchua, nusu niliiacha kwenye magunzi nikisubiri mashine.

Mwezi wa pili naingia jioni kutafuta jembe, nasikia kitu kama mtu anatafuna mchanga polepole. Naweka sikio kwenye rundo la magunzi: kr, kr, kr. Nikachukua moja nikaligonga kiganjani, unga ukamwagika hadi kwenye viatu. Ndani ya ule unga, dumuzi wanatembea.

Sumu naijua, naomba tusianze na sumu. Swali langu ni hili: huyu mdudu hana pua. Shamba liko peke yake. Amejuaje kuwa mahindi yapo hapa?

#2 Kaka_Mkubwa
Ngoja waje wataalamu. Nimevuta kigoda.

#3 BabuMpwapwa
Pole sana mkuu. Magunia 22 si mchezo.

Jibu ni rahisi: mahindi yananuka. Wewe ukipita kwenye ghala la mahindi makavu unasikia harufu tamu, sasa mdudu ambaye kazi yake ni hiyo tu atashindwaje? Ananusa kwa zile ndevu zake mbili. Mende hapo nyumbani anavyozungusha ndevu ukifungua sufuria, ndivyo hivyo hivyo.

#4 FundiMninga
Mzee #3 nakubaliana na wewe kuhusu ndevu (vipapasio), ila mimi nawajua wadudu wa namna hii kwa upande wa mbao. Nina karakana mwaka wa kumi na sita. Wapo wadudu wanaotoboa mbao na kuacha vumbi laini kama poda ya mtoto. Hawaji kwenye kila mbao. Mninga ukipasuliwa, ile sehemu nyeupe ya nje wanaila, kile kiini chekundu hawagusi. Ubao mmoja, weupe na wekundu umeshikana, na anajua aanzie wapi na aishie wapi. Hiyo si bahati, huyo ananusa.

Nilishawahi kurudishiwa kitanda baada ya miezi minne. Mteja aliweka karatasi nyeusi chini ya mbavu za kitanda ili nione vumbi linavyodondoka. Nilitengeneza kingine kwa gharama yangu, na tangu siku hiyo weupe naukata wote, hata kama ubao unabaki mwembamba.

#5 MwlBaiolojia
Habari zenu. Uzi mzuri huu.

Fundi #4, wadudu unaowasema wa vumbi laini kama poda, wengi ni wa kundi la Lyctus. Kwenye uchaguzi wa mbao, hao hawategemei harufu peke yake. Jike akitua kwenye ubao huung'ata kidogo juu juu, anaonja. Anachotafuta ni wanga, na wanga uko kwenye ule weupe, kwenye kiini umekwisha. Akiridhika anatafuta tundu la mshipa wa mti lenye upana wa kupitisha mkia wake wa kutagia, anaingiza yai humo. Ndiyo maana msonobari haumpati Lyctus: hauna matundu ya namna hiyo. Na ndiyo maana ubao uliopigwa vanishi pande zote, hata ule wa ndani usioonekana, hauingiwi: matundu yamezibwa.

Kwa hiyo kwenye mbao kuna kunusa, kuonja na kupima tundu, vyote.

#6 FundiMninga
Mwalimu, kuhusu kung'ata umenifungua macho. Mara nyingi naona mikwaruzo midogo midogo kwenye mbao mpya nikadhani ni msasa mbovu. Asante.

#7 Mdawida_Voi
Salamu kutoka Voi. Huyo dumuzi huku kwetu tunamwita Osama. Nyinyi huko mnamwita Scania, sivyo? Alitoka kwenu Tanzania akavuka kuja Taveta, tunadai fidia.

#8 BabuMpwapwa
Tutawalipa kwa mahindi 😀

Ni kweli tunamwita Scania. Aliingia na malori ya mahindi kutoka Zambia mwaka 1984, nakumbuka.

#9 Mkaguzi_Mstaafu
Mzee wangu #8, shikamoo, nikusahihishe kidogo. Huyu mdudu asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Hapa kwetu alitambuliwa Tabora mwaka 1981, lakini wakulima wa huko walikuwa wameshaanza kumlalamikia kabla. Mwaka 1984 ni mwaka aliotambuliwa Togo, upande wa pili wa bara, huenda ndiyo uliochanganya. Kuhusu jina la Scania, wapo wanaosema ni kwa sababu ya malori, na wapo wanaosema ni kwa sababu ya nguvu ya kusaga.

Miaka ile ya mwanzo nilikuwa kijana kazini. Unafika kwa mtu Tabora, dari imejaa magunzi, unashika gunzi linakuwa jepesi kama sponji. Vipimo vilivyofanyika wakati ule vilionyesha nyumba nyingine zilipoteza hadi asilimia 34 ya uzito wa mahindi ndani ya miezi michache tu. Akina mama walikuwa wanachekecha unga wa mdudu kutafuta punje zilizobaki.

Na jambo ambalo watu wengi hawalijui: ukoo wake ni wa wadudu watoboa mbao. Kwa asili ni mdudu wa miti mikavu. Mahindi ni chakula alichokuja kukizoea. Kwa hiyo Fundi #4 hajatoka nje ya mada hata kidogo.

#10 BabuMpwapwa
Marahaba. Nimekubali marekebisho. 1981, Tabora.

#11 MkulimaKibaigwa
Mkaguzi, hapo kwenye miti mikavu umenigusa. Ghala langu ni tofali lakini kenchi na nguzo mbili za ndani ni miti ya porini, nilikata mwenyewe. Tuendelee, nitarudi na hilo.

#12 DadaMaabara
Wakuu, nimefanya kazi ya usaidizi wa maabara ya wadudu kwa miaka mitatu, niseme nilichokiona kwa macho kuhusu "pua".

Ukimweka dumuzi chini ya hadubini, kichwa hukioni kwa juu. Kimejificha chini ya mgongo wa mbele kama mtu aliyevaa kofia ya koti. Unamgeuza, ndipo unaona vipapasio: vifupi, vipingili kumi, na vitatu vya mwisho vimevimba kama rungu. Kwenye hilo rungu kuna vinyweleo vingi. Kila kinyweleo cha kunusia kina matundu madogo ambayo hadubini ya kawaida haiyaoni. Chembe ya harufu inaingia kwenye tundu, ndani kuna majimaji, na kwenye majimaji kuna protini zinazoibeba hadi kwenye ncha ya neva. Ikigusa pokezi inayoendana nayo, neva inapiga. Kisha vimeng'enya vinaivunja ile chembe haraka, ili kinyweleo kiwe tayari kwa inayofuata. Bila hivyo mdudu angenusa harufu moja siku nzima asijue kama imezidi au imepungua.

Kuna kipimo tulikuwa tunafanya. Unachukua kipapasio kimoja, unakiunganisha pande mbili na waya mwembamba sana, unapuliza hewa yenye harufu. Kwenye skrini mstari umetulia, ukipuliza unashuka ghafla kama ndoo kisimani, halafu unapanda taratibu. Mtaalamu wa Kijerumani Dietrich Schneider ndiye aliyeanzisha kipimo hicho miaka ya 1950 kwa nondo wa hariri. Mara ya kwanza kuona ule mstari ukishuka, nywele zilinisimama. Kipapasio kimekatwa, mdudu hayupo, lakini bado kinanusa.

#13 Kaka_Mkubwa
Dah. Kimekatwa na bado kinanusa. Uzi ubandikwe juu.

#14 Kijana_wa_Moshi
DadaMaabara asante sana. Swali: sasa kwa dumuzi, harufu gani ilikuwa inashusha huo mstari? Ya mahindi?

#15 DadaMaabara
Kipimo hicho kinakwambia kipapasio kimehisi, hakikwambii mdudu atafanya nini. Anaweza kuhisi harufu na asishughulike nayo. Hapo ndipo watu wengi wanakosea.

Ila inayomvuta dumuzi kutoka mbali inajulikana vizuri: ni harufu ya dumuzi mwenzake. Dume akishatua kwenye chakula na kuanza kutoboa, anatoa harufu ya kuita. Ina viambato viwili. Wanakuja madume na majike, wote. Kwa hiyo si harufu ya kimapenzi tu, ni kama tangazo: "hapa pana chakula".

#16 BabuMpwapwa
Mimi nilijua jike ndiye anayeita. Kwa nondo ni jike.

#17 DadaMaabara
Kwa nondo wengi ni jike kweli, mzee. Kwa dumuzi ni dume. Na kwa wadudu wanaotoboa magome ya misonobari Marekani na Ulaya inategemea: jamii ya Ips dume ndiye anatangulia na kuita, jamii ya Dendroctonus jike ndiye anatangulia. Anayefungua nyumba ndiye anayepiga mbiu. Kwa dumuzi kuna jambo zuri zaidi: jike akishafika kwenye tundu la dume, dume anapunguza sana kuita.

#18 Mama_Kihenge
Ameshapata mke, mbiu ya nini tena 😀

Kwa hiyo mkulima #1, hukuvamiwa na jeshi. Alitangulia mmoja akawaita wenzake.

#19 MkulimaKibaigwa
Sawa Mama Kihenge, nakubali wa pili hadi wa elfu waliitwa. Lakini wa kwanza? Yule aliyetua bila kuitwa na mtu? Hilo ndilo swali langu tangu mwanzo.

#20 MwlBaiolojia
Hapo umegonga penyewe. Na hapo ndipo namkatalia mzee #3 kwa heshima. Watafiti walijaribu kuweka mitego yenye harufu ya mahindi peke yake, bila harufu ya dume. Dumuzi wanaoruka hawakuonekana kuifuata kutoka mbali. Ndiyo maana wengi wao wanasema dume wa kwanza anatua kwa kubahatisha. Anaruka jioni jua likizama, anatua popote, anaonja. Pakiwa pabaya anaondoka, pakiwa pazuri anatoboa na kuanza kuita.

#21 BabuMpwapwa
Mwalimu, mimi sikubali. Kilomita tatu za pori, halafu abahatishe mlango wangu? Mitego ile iliwekwa harufu ya mahindi mangapi? Gunzi moja na ghala zima si sawa. Mtu mmoja akipika pilau husikii, harusi ikipika mtaa mzima unajua.

#22 Kijana_wa_Moshi
Mzee ana hoja hapo. Huku kwetu kwenye kahawa mambo ni tofauti. Ruhuruhu, yule anayetoboa buni, anafuata harufu ya pombe. Tunatengeneza mtego kwa chupa ya plastiki iliyopakwa rangi nyekundu, tunakata dirisha ubavuni, tunaning'iniza kichupa chenye mchanganyiko wa ethanoli na methanoli, chini maji ya sabuni. Asubuhi unamwaga maji, vijidudu vyeusi vimetanda kama pilipili manga. Huyo anafuata harufu ya tunda, hajaitwa na mtu.

Na wadudu wengine wa mbao wanafuata ethanoli vilevile, kwa sababu mti uliodhoofika au uliokatwa karibuni unatoa ethanoli.

Sasa bungua weupe, yule anayetoboa shina la mbuni, ndiye mwenye pua kubwa. Vipapasio vyake ni virefu kuliko mwili. Baba yangu alinifundisha kuwatafuta mvua zinapoanza. Nilimkuta mmoja kwenye shina la mbuni asubuhi na mapema, ametulia, kipapasio kimoja mbele kimoja pembeni, anavipeleka polepole kama mtu anayepapasa ukuta gizani kutafuta swichi. Kisha akakivuta kimoja kwa mguu wa mbele, akakipitisha mdomoni chote, kuanzia shinani hadi nchani. Anakisafisha. Nikakaa pale hadi baba akaniita. Sikuweza kumuua siku ile, nilimuua kesho yake.

#23 MwlBaiolojia
Kijana, umeangalia vizuri. Kinyweleo kikijaa vumbi na nta matundu yanaziba, ndiyo maana wadudu wanasafisha vipapasio kila wakati. Na urefu unasaidia: mdudu anagusa hewa sehemu nyingi kwa wakati mmoja.

Ila kufuata harufu hewani si kama kufuata kamba. Upepo unaikatakata harufu vipande vipande. Mdudu akiguswa na kipande anaruka kuelekea upepo unakotoka, akikipoteza anayumba kulia na kushoto hadi akutane na kingine. Ndiyo maana jioni yenye upepo mwanana inamfaa kuliko yenye upepo mkali.

#24 Mswahili_Maskati
Nawasalimu kutoka Maskati. Huku kwenye mitende tuna fukusi mwekundu, yule anayekula mti kutoka ndani hadi unaanguka. Kazini kwetu tunaweka ndoo yenye matundu ubavuni, ndani kuna kidonge cha harufu ya dume, tende zilizovundika na maji. Kidonge peke yake kinanasa wachache. Tende peke yake wachache zaidi. Ukiweka pamoja, ndoo inajaa. Tende zikikauka au maji yakiisha, mtego unakuwa bure hata kama kidonge ni kipya. Nimejaribu mwenyewe ndoo kwa ndoo.

Kwa hiyo mnaobishana harufu ya chakula au ya dume, huku kwetu ni zote mbili.

#25 Mkaguzi_Mstaafu
Ushahidi mzuri wa Maskati, lakini tusiwachanganye. Fukusi wa mtende ni mmoja, dumuzi ni mwingine. Kila mdudu na pua yake.

Halafu tahadhari kwa anayetaka kununua mitego ya dumuzi: mtego ni wa kujua kama wapo na wameanza lini, hauwamalizi. Na usiutundike ghalani. Utawaita waliokuwa wanapita zao, wengine watadondoka kwenye mahindi kabla ya kufika mtegoni. Uweke mbali kabisa na ghala.

Na kuna mwingine anayesikiliza mbiu hiyo. Kuna mdudu mweusi mdogo, Teretrius nigrescens, adui wa dumuzi kutoka huko huko Amerika ya Kati. Anainusa harufu ya dume wa dumuzi, anafika, anakula mayai na watoto. Aliachiliwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992.

#26 Mdawida_Voi
Na bado Osama yupo. Huku amepunguza sehemu fulani, sehemu nyingine hatukuona tofauti.

Lakini nirudi kwa swali la mkulima. Watafiti waliwahi kutega porini huku Kenya, mbali na mashamba, kwenye vichaka, na mitego ikanasa Osama wengi tu. Anazaliana kwenye matawi makavu ya miti ya porini. Kwa hiyo mnapouliza "alitoka wapi kilomita tatu", hakutoka kilomita tatu. Yuko kwenye kichaka nyuma ya choo. Wakiwa wengi hewani jioni, mmoja akitua kwenye bati lako ni jambo la kawaida, halihitaji pua.

#27 Mama_Kihenge
Mimi nina maelezo mengine na hamjayataja. Mahindi yalitoka nao shambani. Mkulima aliacha mahindi yakauke kwenye mabua hadi lini? Dumuzi anaingia gunzi likiwa bado limesimama shambani, hasa ukichelewa kuvuna. Unambeba mwenyewe kwenye toroli hadi ghalani. Nilijifunza kwa uchungu mwaka niliouguliwa na mama mkwe tukachelewa kuvuna mwezi mzima. Ghala lilikuwa limepakwa dawa juu hadi chini na bado tulikula ugali wa kununua.

Siku hizi navuna mapema, naanika kwenye turubai, napukuchua yote. Kwenye gunzi punje zimeshikana, anapata pa kuegemea akitoboa. Kwenye punje zilizopukuchuliwa zinamtelezea. Halafu naweka kwenye mifuko ya kinga njaa na kufunga kila mfuko wa ndani peke yake. Hewa inaisha, wanakufa.

#28 Kijana_wa_Moshi
Mama Kihenge, na mfuko usiopitisha hewa si unazuia harufu kutoka pia?

#29 Mama_Kihenge
Hilo sikuwahi kulifikiria mwanangu. Mimi nilichojua ni hewa tu.

#30 BabuMpwapwa
Mnaona? Harufu. Na bibi zetu waliochanganya majani ya mwarobaini, walikuwa wanafanya nini kama si kuificha harufu?

#31 DadaMaabara
Mzee, inawezekana inaficha, inawezekana inamkera, na inawezekana inamharibia hamu ya kula na kukua. Mwarobaini una vyote. Na jivu nalo linamkwaruza ngozi anakauka. Ukiona mdudu hayupo huwezi kujua ni lipi lilimfukuza.

Ila wazo la kuwapa harufu ya "kumejaa" lipo. Wale Dendroctonus wa misonobari, mti ukishajaa wanatoa harufu nyingine, verbenoni, inayowaambia wanaokuja wapite. Watu wanaining'iniza kwenye miti mizima ili idhaniwe imejaa.

#32 FundiMninga
Kama kuna harufu ya "kumejaa" ya hawa wangu wa mninga, nitanunua pipa.

#33 MkulimaKibaigwa
Wakuu, nimerudi. Jana niling'oa nguzo moja ya ndani, ya mti wa porini. Gome limebanduka upande mmoja. Nikaipasua kwa shoka. Kuanzia usawa wa goti hadi usawa wa kifua kuna matundu ya mviringo, yamejaa unga wa mbao, na ndani dumuzi wanane hai. Nimehesabu mara mbili. Nyingine ya pili haina hata tundu moja, na zote nilizikata siku moja, sehemu moja.

Kwa hiyo Mkaguzi na Mdawida, huenda walikuwemo kwenye nguzo tangu porini. Huenda niliwajengea nyumba kabla ya mahindi.

#34 Mama_Kihenge
Au walianza kwenye mahindi, walivyojaa wakahamia kwenye nguzo. Rundo la magunzi lilikuwa limeegemea nguzo ipi?

#35 MkulimaKibaigwa
Hiyo hiyo yenye matundu.

#36 BabuMpwapwa
Na kwa nini hiyo na si ile nyingine? Sehemu moja, siku moja ya kukatwa.

#37 MwlBaiolojia
Mkulima, usichome ile nguzo bado. Angalia unga ulioko ndani kabisa ya matundu, yale ya katikati ya mti. Ukiwa wote wa mbao, ni alama moja. Ukikuta mweupe wa mahindi umechanganyika humo, ni nyingine. Tupigie picha zote mbili.

#38 MkulimaKibaigwa
Nimekifunga kipande cha nguzo kwenye ndoo yenye kifuniko. Kesho asubuhi kukiwa na mwanga nitapasua tena.